Kutunza Kibanja: Mgomba, Mbuni na Nyasi za Rweya

Leo tumepewa nafasi ya kuzungumza nanyi juu ya mimea ile isiyopandwa kila mwaka, bali hupandwa mara moja, kisha ikamlisha aliyeipanda, na wanawe, na wajukuu wake. Hatutanena juu ya mahindi wala mtama, ambavyo mtu akikosea mwaka huu hujirekebisha mwaka ujao. Twataka kunena juu ya mgomba na mbuni, mimea ambayo kosa lake hukaa muda mrefu, na juu ya kibanja, yaani shamba lile lizungukalo nyumba. Sisi ni watu wa Rubafu, katika Bugabo, kaskazini ya mji wa Bukoba, ukingoni mwa ziwa lile ambalo Wahaya huliita Lweru. Huko kwetu mtu asiye na kibanja hana mahali pa kunyoshea kidole na kusema, "Kwetu ni pale."

Wenyeji watuvumilie kidogo, tuwaeleze wasikilizaji walio mbali. Mgeni ajaye Buhaya huona nchi ya namna mbili. Ya kwanza ni rweya, yaani mbuga za nyasi zilizo wazi, zenye upepo na mawe. Ya pili ni vijiji vilivyofunikwa na migomba hata nyumba hazionekani. Ndani ya migomba mna mibuni, na chini yake mna maharage, na magimbi, na maboga. Na juu ya vyote husimama miti mikubwa michache, kama mhumula, na mtoma ule ambao magome yake zamani yalipondwa yakawa nguo. Mpakani hupandwa mlamula, ambao jina lake lafanana na neno letu la kuamua shauri, nao husimama kati ya majirani wawili kama shahidi asiyekula rushwa. Hayo yote pamoja ndiyo kibanja. Tena wazee wetu huzikwa humo humo, kwa hiyo mtu alimapo kibanja chake hulima karibu na baba yake.

Mgeni hudhani kwamba wazee walitafuta penye udongo mzuri, wakajenga hapo. Hata wanafunzi wetu wengi hudhani hivyo. Basi mwaka mmoja tuliwachukua vijana wa chuo chetu cha ualimu, tukawaambia wachimbe mashimo mawili, kila moja la kina cha futi mbili: moja katika rweya, na jingine katika kibanja cha zamani, hatua mia mbili tu kutoka lile la kwanza. Shimo la rweya lilitoa mchanga mwepesi, uliopauka, na baada ya kitambo jembe likagonga mawe. Shimo la kibanja lilitoa udongo mweusi, laini, wenye nyungunyungu. Kijana mmoja aliyetoka Singida akauliza, "Mwalimu, ni nani aliyebeba udongo huu wote akauleta hapa?" Wenzake wakacheka, lakini swali lake lilikuwa kubwa kuliko alivyojua. Hakuna mtu aliyebeba udongo. Walibeba nyasi.

Mvua yetu ya ukingo wa ziwa ni nyingi mno. Mjini Bukoba hunyesha milimeta 2000 hivi kwa mwaka. Mvua ya namna hiyo huosha chakula cha mimea na kukishusha chini kisikofikiwa na mizizi. Miamba yetu nayo ni ya mchanga, haina utajiri wa kuanzia. Kwa hiyo rutuba ya kibanja haikutoka chini. Ililetwa kutoka rweya juu ya vichwa vya wanawake, mzigo kwa mzigo, na ndani ya matumbo ya ng'ombe waliolishwa mbugani mchana na kulala nyumbani usiku. Samadi ikapelekwa mgombani. Nyasi zikatandazwa. Maganda ya ndizi, majivu ya jikoni, majani makavu, mabua ya maharage, vyote vikarudi pale pale vilipotoka, mwaka baada ya mwaka, hata udongo ukageuka rangi.

(Na hapa tuseme neno moja pembeni. Mwanamke aliyebeba nyasi hizo kwa desturi yetu hakuhesabiwa kuwa mwenye kibanja. Mwaka 1990 Mahakama Kuu huko Mwanza iliamua kwamba mwanamke wa Kihaya aliyerithi shamba kwa baba yake ana haki ya kuliuza kama mwanamume. Wako wazee waliokasirika. Sisi tuliwahesabu kichwani akina mama waliotulisha, tukaona mahakama imechelewa.)

Sasa fikirini hali ilivyo. Sotoka iliyopita katika Afrika ya Mashariki kuanzia mwaka 1890 iliangamiza ng'ombe wengi mno, na leo nyumba nyingi za Buhaya hazina hata ng'ombe mmoja. Rweya nazo zimepunguka. Mahali palipokuwa na nyasi pamepandwa misonobari na mikaratusi, na kwingine chai. Utafiti uliotolewa mwaka 1998 juu ya mashamba ya wilaya ya Bukoba ulionyesha jambo ambalo bibi zetu wangaliweza kulisema pasipo kupima: shamba la nyumba isiyo na ng'ombe hutoa rutuba nyingi kuliko inayoingia. Kila mkungu upakiwao katika lori kwenda mjini huondoka na sehemu ya udongo wa kibanja, wala lori halirudi na maganda.

Basi afanye nini mtu asiye na ng'ombe, wala rweya karibu? Kwanza, asichome chochote. Twasikitika kila tuonapo majani makavu ya migomba yakifanywa moto ili ua uonekane safi. Ule ni usafi wa mtu afagiaye unga wake nje. Majani hayo yakatwe na kulazwa kati ya mashina. Pili, achimbe shimo la taka karibu na jiko, atie humo maganda, majivu, magugu na mavi ya mbuzi au kuku, alifunike kwa udongo kidogo na majani ya mgomba, na baada ya miezi mitatu au minne atapata mboji nyeusi. Mbuzi wawili waliofungwa bandani hutoa samadi ambayo mbuzi kumi wazururao hawaitoi, kwa kuwa ya hao kumi hubaki njiani.

Na nyasi, yeyote azipataye, azitandaze mvua zinapokaribia kwisha, kabla ya kyanda, yaani kiangazi chetu cha mwezi wa Juni hadi Agosti. Lakini asizisogeze hata kugusa shina. Aache nafasi ya dhiraa moja kuzunguka kila shina, kwa sababu yule fukusi wa migomba hupenda baridi na giza. Mdudu huyu mweusi hatembei mchana. Usiku hutoka, hutaga mayai yake chini ya shina, na funza watokao humo hutoboa tunguu kama mtu atobolaye handaki. Mgomba huonekana mzima hata siku ya upepo, ndipo huanguka na mkungu wake mchanga. Mtu husema ni upepo. Aangalie tunguu, ataona matundu.

Twaja sasa katika kupanda. Chipukizi la kuchagua ni lile lenye majani membamba kama upanga, lililo nene chini na jembamba juu. Lile lenye majani mapana tangu udogoni hupendeza macho, walakini mizizi yake ni dhaifu. Likisha kung'olewa, limenywe tunguu lake kwa kisu safi hata ibaki nyama nyeupe, maana mayai ya fukusi hukaa katika ganda la nje. Lionekanapo tundu jeusi, litupwe mbali. Shimo liwe la futi mbili kwenda chini na futi mbili upana, na kati ya shina na shina ziwe futi kumi. Udongo wa juu uwekwe upande mmoja, wa chini upande wa pili. Ule wa juu ndio uchanganywe na madebe mawili ya samadi iliyooza na kurudishwa kwanza.

Kosa kubwa la vibanja vya leo ni huruma. Mgomba huzaa watoto wengi, na mwenye shamba huona vibaya kuwakata, akidhani kila mtoto atampa mkungu. Hawampi. Hunyang'anyana chakula, na mikungu huwa midogo kama ngumi. Yafaa kila shina liwe na watu watatu tu: mama mwenye mkungu, binti aliyefika kifuani mwake, na mjukuu anayechomoza. Wengine wakatwe, na kiini chao kichimbuliwe wasirudi. Bibi yetu alifanya kazi hiyo kila Jumamosi asubuhi, akiita kila mgomba kwa jina la aina yake, enchoncho, entobe, enshakala, na embire za pombe zikiwa peke yake mwisho wa kibanja. Tulipowauliza wanafunzi wa darasa moja wataje aina za ebitoke za nyumbani kwao, wengi walitaja mbili.

Juu ya mbuni hatutakawia. Robusta si mgeni kwetu. Kabla Emin Pasha hajafika kujenga kituo cha Wadachi hapo Bukoba mwaka 1890, Wahaya walikuwa wakichuma buni mbichi, wakazichemsha na majani yenye harufu nzuri, wakazikausha, na kumpa mgeni atafune. Ni arabika ndiyo iliyoletwa baadaye. Yafaa kujua kwamba robusta haijizalishi peke yake: chavua ya mti mmoja haiwezi kuutungisha mti huo huo, hivyo mbuni uliosimama pekee hutoa maua mengi na buni chache. Ipandwe mingi pamoja, iliyotoka katika mama mbalimbali. Maotea yapunguzwe, matawi makavu yaondolewe, na mti uliozeeka ukatwe kwa mshazari, futi moja juu ya ardhi, huku shina moja likiachwa livute pumzi mpaka machipukizi mapya yapate nguvu. Mbuni ukinyauka ghafula upande mmoja, na ndani ya gome pakaonekana rangi ya kahawia inayoelekea weusi, huo ni mnyauko wa mibuni, ulioingia mkoani mwetu katika miaka ya 1990. Mti huo ung'olewe na kuchomwa mahali pale pale. Huo ndio moto tunaoukubali.

Wako watakaosema, "Walimu, mwatuamuru." La. Twakumbuka vema yaliyotokea mwaka 1937, Serikali ya Waingereza ilipotaka kuwalazimisha wakulima wa Bukoba kwa sheria kutunza mibuni kwa namna iliyoagizwa nayo. Watu walikataa, na ghasia zikatokea. Baadhi ya mafundisho yale yalikuwa mema kabisa. Lakini mtu akiingiliwa katika kibanja chake, penye makaburi ya baba zake, hasikii habari ya matandazo. Asikia tu kwamba ataka kunyang'anywa. Wala hatuwasifu wale wanaofanya butura, kuuza kahawa ingali ua mtini kwa fedha kidogo ya haraka. Twajua ni shida ya ada ya shule au ya ugonjwa iwafanyayo hivyo. Ila aliyeuza maua hana sababu ya kuupogoa mti, na mwaka wa pili mti wenyewe humlipa kwa uvivu wake.

Sasa twafika mahali ambapo ingekuwa rahisi kwetu kunyamaza.

Mwaka 2001 ulitambuliwa nchini Uganda ugonjwa wa mnyauko wa migomba, uliokuwa umejulikana zamani huko Ethiopia katika ensete, jamaa ya mgomba. Mwaka 2006 ukaonekana wilayani Muleba, na tangu hapo ukaenea katika mkoa wa Kagera. Huletwa na bakteria, vijidudu visivyoonekana kwa macho. Majani huwa ya manjano, hulegea kama yaliyobabuliwa kwa moto. Ndizi huiva kabla ya wakati, hizi mbivu na hizi mbichi katika mkungu mmoja. Ukikata ndizi, ndani ina rangi ya kutu. Na ukikata shina ukangoja kidogo, hutoka ute wa manjano kama usaha. Hapana aina ya mgomba tunayoilima isiyoshikwa. Wadudu huubeba kutoka ua dume, lile ua jekundu lining'inialo ncha ya mkungu. Mwanadamu huubeba kwa chipukizi lenye ugonjwa, na zaidi sana kwa muhoro.

Hayo yote tulikuwa tukiyafundisha. Katika likizo ya Septemba mwaka 2012 tulipewa na rafiki wa tarafa nyingine machipukizi manne ya embire, mazuri, manene, yasiyo na doa. Tuliyapanda katika kibanja tulichorithi Rubafu, na kwa muhoro ule ule tuliotumia kuyakata majani, tukapunguza watoto wa migomba yetu siku mbili nzima. Hatukuupitisha motoni. Tulikuwa na haraka ya kurudi chuoni, tena tulijiamini.

Tuliporudi Desemba, yale manne yalikuwa yamenyauka, na mashina saba ya jirani yake yalikuwa yakigeuka rangi. Tulikata ndizi moja, tukaona kutu. Tulijua mara ile. Na ni sisi tuliosimama mbele ya mkutano wa kijiji mwaka uliotangulia tukionyesha picha za ugonjwa huu. Basi tuliyakata mashina yale jioni, watu wakiwa ndani, tukayafunika kwa majani, wala hatukumwambia mtu. Asubuhi yake jirani yetu, mama mjane, alikuja kuazima muhoro. Tulimpa. Kukataa kungalitaka maelezo.

Aprili alikuja kutuita tukaone migomba yake, kwa kuwa sisi ndio wenye kujua. Mashina kumi na moja. Matatu kati ya hayo yalikuwa karibu na kaburi la mumewe. Alieleza dalili zote vizuri, moja moja, kama tulivyozifundisha mkutanoni. Ndipo tulipomwambia habari za Septemba na za Desemba. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza, "Mwalimu, siku ile niliyoazima muhoro, ulikuwa unajua?" Tukajibu kwamba tulijua. Hakutukana. Alirudi ndani akafunga mlango, nasi tukabaki uani mwake na kuku.

Kilichofanyika baada ya hapo twakieleza kwa kirefu, kwa sababu ndicho kinachosaidia. Tulikwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, tukasema kosa letu, na nyumba zote za upande ule zikaitwa. Kila shina lililoonyesha dalili lilikatwa usawa wa ardhi, na kiini chake kikaharibiwa. Shina lenye afya katika kundi lile lile liliachwa likachungwa, maana si lazima ugonjwa ushuke kwa ndugu wote mara moja. Yaliyokatwa yalilundikwa hapo hapo, hayakuburutwa kupita katikati ya migomba mizima. Motoni palikuwa na mihoro miwili kila siku: mmoja ukikata, mwingine ukipata moto, na baada ya kila shina hubadilishwa. Ua dume la kila mkungu lilivunjwa mara chane ya mwisho ilipotokea, kwa kijiti chenye panda, si kwa kisu, kwa kuwa kijiti hakigusi utomvu na kuupeleka kwingine. Watoto wa shule walifanya kazi hiyo vizuri kuliko wazazi wao. Waliihesabu kuwa mchezo. Mbuzi walifungwa. Hakuna chipukizi lililotoka wala kuingia.

Nyumba moja ilikataa kuvunja maua, ikisema mkungu ukikatwa ua hautanenepa. Kinyume chake ndicho kweli, mkungu hunenepa vizuri zaidi, lakini kwa wiki sita hatukuweza kumshawishi mwenye nyumba. Aliyemshawishi hatimaye ni yule mama mjane. Alimchukua kwa mkono, akampeleka kwake akamwonyesha mahali palipokuwa wazi.

Kwa miezi tuliyongoja, tulipanda maharage na viazi vitamu katika nafasi zile, maana bakteria hao hawadumu muda mrefu katika udongo usio na mgomba. Miezi sita yatosha, kama hakuna tunguu lililosahauliwa humo. Mwezi wa Oktoba 2013 tulipanda tena. Kila Jumapili, kwa muda wote huo, tulimpelekea mama yule mkungu mmoja tulioununua sokoni. Aliupokea, akashukuru kama ilivyo adabu, nasi hatukujidanganya kwamba umelipa.

Yeye alipanda enchoncho, lakini hakukubali machipukizi yetu. Alitafuta ya kwake, akayakagua moja moja, akayamenya mwenyewe. Mapema mwaka 2015 alikata mkungu wa kwanza, akatuletea chane mbili zimefungwa katika jani. Tulimkaribisha, akaketi, tukazungumza habari za mvua. Alipokuwa akiondoka aliona mbuni wetu mmoja umejaa maotea, akasema afadhali tuupunguze kabla ya maua. Tulimwomba atuazime muhoro wake, kwa kuwa wetu ulikuwa kwa mhunzi.

"Huo hauazimwi, Mwalimu," akasema. "Nitakuja nao kesho, nikate mwenyewe. Washa moto kabla sijafika."